Kashfa ya rangi katikati ya kura za mchujo: njia tano za kujibu, na ipi ichaguliwe lini

Mgombea wa Marekani anayetafuta tiketi ya chama chake akinaswa na kauli, picha au kumbukumbu ya zamani inayogusa rangi ya watu, timu yake ina muda mfupi sana wa kuamua la kufanya. Ukizichuja, njia zilizopo ni tano: kuomba radhi, kutoa hotuba ndefu ya kueleza, kushikilia msimamo, kukana, na kumgeuzia kibao mpinzani. Zote zimejaribiwa kati ya 1976 na 2020, na matokeo yake yamo kwenye hesabu za kura. Tunazilinganisha kwa ajili ya wanaofanya kazi za kampeni, wanahabari wanaozifuatilia, na Waswahili wenye uraia wa Marekani wanaotaka kumpima mgombea kwa namna anavyojibu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Ukubwa wa kosa peke yake hauamui. Kinachoamua ni nani anapiga kura inayofuata, na kama mgombea alikuwa na watu wake ndani ya jamii iliyoumizwa kabla kashfa haijatokea. Asiyekuwa nao, hata radhi iliyopangwa vizuri haimfikishi mbali.

Tazama kalenda kabla ya kutazama video

Mchujo haupigwi nchi nzima siku moja. Unatembea jimbo kwa jimbo kuanzia Januari au Februari hadi Juni, na kila jimbo lina watu wake. Iowa na New Hampshire, ambayo kwa miongo mingi ndiyo yaliyofungua pazia, takriban wapiga kura tisa kati ya kumi ni Wazungu. South Carolina upande wa Democratic ni kinyume chake: Weusi walikuwa asilimia 55 ya waliopiga kura mwaka 2008, na asilimia 56 mwaka 2020, kwa mujibu wa mahojiano ya watu wakitoka vituoni. Mwaka 2024 chama kikaipa South Carolina nafasi ya kwanza, tarehe 3 Februari. Kwa hiyo kauli ileile yaweza kupita Iowa bila kelele na kumzika mtu South Carolina wiki chache baadaye.

Sasa vuka upande wa Republican katika jimbo hilohilo, ambako karibu wapiga kura wote wa mchujo ni Wazungu. Tarehe 16 Januari 2012, siku ya kumbukumbu ya Martin Luther King, Newt Gingrich aliulizwa kwenye mdahalo wa Myrtle Beach na mwanahabari Mweusi, Juan Williams, kama haoni kwamba maneno yake kuhusu Weusi na misaada ya chakula ya serikali ni matusi. Gingrich alijibu kwa ukali na ukumbi ukasimama kumshangilia. Siku tano baadaye alipata asilimia 40, Mitt Romney 28. Swali lililokusudiwa kumbana ndilo lililomwinua. Anayedhani kashfa ya rangi humpunguzia mgombea kura kila mara aanze kwa kuitazama juma hiyo moja.

Kuna pia hesabu ya wajumbe, yaani watu ambao kila jimbo huwapeleka kwenye mkutano mkuu wa chama kumteua mgombea. Upande wa Democratic, mgombea asiyefikisha asilimia 15 katika jimbo au eneo la bunge hapati mjumbe wa hapo. Mwenye 17 akishuka hadi 14 hajapoteza pointi tatu tu. Amepoteza wajumbe wote wa eneo hilo. Tena maeneo yaliyokipa chama kura nyingi katika chaguzi zilizopita hupewa wajumbe wengi zaidi, na mengi kati ya hayo yana wakazi Weusi wengi. Hasara ya kura chache kwa Weusi huweza hivyo kuwa hasara kubwa ya wajumbe.

Kosa la kawaida hapa ni kusoma vibaya tafiti za maoni. Utafiti wa watu 400 una uwezekano wa kupotoka takriban pointi 5 juu au chini. Ukiwatenga Weusi 100 waliomo, kupotoka kunafika karibu pointi 10. Timu ikisema "Weusi wametuacha, tumeshuka kutoka 30 hadi 24" kwa utafiti kama huo, haijajua kitu bado. Unganisha tafiti kadhaa, subiri wiki moja hadi siku kumi, ndipo useme.

Njia tano kwa mtazamo mmoja

| Njia | Walioitumia | Matokeo ya karibu | Inafaa |
|---|---|---|---|
| Kuomba radhi | Carter 1976, Bloomberg 2019 | Carter alishinda Pennsylvania. Bloomberg hakupata jimbo hata moja | Kosa ni la kauli, na wapo wa kukudhamini |
| Hotuba ya kueleza | Obama 2008 | Ilimpa nafuu ya wiki tano hivi | Kuna muda kabla ya kura inayofuata |
| Kushikilia msimamo | Trump 2015–16, Biden 2019 | Wote wawili walipata tiketi | Walioumizwa hawapigi kura hiyo, au wanakufahamu miaka mingi |
| Kukana | Jackson 1984, McCain 2000 | Hasara iliongezeka | Pale tu habari ni ya uongo kweli |
| Kumgeuzia kibao mpinzani | Harris 2019 | Alipanda haraka, akashuka | Sera yako ni tofauti na yake |

Kuomba radhi: mdhamini, na muda

Aprili 1976 Jimmy Carter, aliyekuwa gavana wa Georgia, alisema kwenye mahojiano na gazeti la New York kwamba haoni ubaya watu wa mitaa kutaka kulinda "usafi wa kikabila" wa mitaa yao. Alipoulizwa tena akiwa South Bend, Indiana, badala ya kujirudi aliendelea kuitetea kauli hiyo kwa maneno mabaya zaidi. Mbunge Andrew Young, Mweusi wa Atlanta aliyekuwa nguzo ya kampeni yake, alimtaka aombe radhi. Carter aliomba radhi hadharani tarehe 8 Aprili. Siku chache baadaye, kwenye mkutano wa Atlanta, Martin Luther King Mzee, baba yake King tunayemjua wote, alisimama naye jukwaani na kumsamehe mbele ya umati. Tarehe 27 Aprili Carter alishinda Pennsylvania.

Radhi ya Carter ilifaulu kwa sababu mbili, na zote mbili zinahitajika. Aliitoa ndani ya siku chache bila kusema "kama kuna aliyeudhika". Na waliomdhamini hawakukodiwa wiki hiyo. Young na King Mzee walikuwa wakimjua tangu Georgia.

Sasa mweke Michael Bloomberg pembeni yake. Akiwa meya wa New York, polisi wake walikuwa wakisimamisha watu barabarani na kuwapekua; mwaka 2011 peke yake walisimamisha zaidi ya watu 685,000, wengi wao vijana Weusi na Walatino, na wengi hawakukutwa na kosa lolote. Agosti 2013 jaji wa shirikisho aliamua kwamba namna sera hiyo ilivyotekelezwa ilivunja katiba. Bloomberg aliitetea miaka yote hiyo. Aliomba radhi tarehe 17 Novemba 2019 katika kanisa kubwa la Weusi huko Brooklyn, na tarehe 24 Novemba akatangaza kugombea.

Wiki moja. Kila aliyekuwa na kaka, mwana au mpwa aliyewahi kusimamishwa ukutani mikono juu aliweza kuhesabu siku hizo. Fedha zilimsaidia kwa muda, maana matangazo yake yalijaa kila mahali na alipanda kwenye tafiti. Kisha Februari 2020 ikasambaa sauti yake ya mwaka 2015 akizungumza Aspen, akieleza kwa ubaridi kwa nini polisi wapelekwe kwenye mitaa ya watu wa rangi. Mdahalo wa Las Vegas wa tarehe 19 Februari ukamalizia. Tarehe 3 Machi alishinda eneo moja tu, American Samoa, na kesho yake akajitoa, akiwa ametumia zaidi ya dola bilioni 1.

Tofauti nyingine hapa ni kubwa kuliko muda. Carter alisema neno. Bloomberg aliendesha jambo kwa miaka kumi na miwili. Sentensi moja ya radhi hailipi deni la miaka kumi na miwili, na timu inayodhani italilipa imewadharau mara ya pili wale walioumizwa.

Hillary Clinton mwaka 2016 yuko kati ya hao wawili. Tarehe 24 Februari, kwenye hafla ya kuchangisha fedha mjini Charleston, mwanaharakati kijana Mweusi alimkabili kwa maneno aliyoyasema mwaka 1996 kuhusu vijana wahalifu. Hafla ilimfanya aonekane ameshikwa, lakini kesho yake alisema hakupaswa kutumia maneno yale. Tarehe 27 akapata asilimia 73 South Carolina dhidi ya 26 za Bernie Sanders. Urafiki wa miongo na makanisa na viongozi wa jimbo ulikuwa umeshawekwa akiba.

Hotuba ya kueleza: hununua muda, haizibi mdomo wa mwingine

Video za mahubiri ya Mchungaji Jeremiah Wright wa Chicago, akiishutumu Marekani kwa maneno makali, zilirushwa na televisheni ya ABC tarehe 13 Machi 2008. Barack Obama alikuwa amefungishwa ndoa na mchungaji huyo. Kwanza alijaribu maandishi na mahojiano mafupi ya televisheni. Hayakutosha, kwa sababu watu walikuwa wakiuliza swali ambalo dakika tatu haziwezi kulijibu: kwa nini ulikaa kwenye kanisa lile miaka ishirini? Tarehe 18 Machi, Philadelphia, alizungumza kwa takriban dakika 37. Alilaani maneno ya Wright, akakataa kumtupa Wright mwenyewe, akamtaja hata bibi yake Mzungu aliyemlea, ambaye naye aliwahi kusema mambo ya kumuumiza kuhusu Weusi.

Ilifaa kwa sababu kalenda iliruhusu. Mississippi ilikuwa imepita tarehe 11 Machi, na kura iliyofuata, Pennsylvania, ilikuwa tarehe 22 Aprili. Wiki tano za watu kuisikiliza, kuijadili na kupoa. Hotuba ileile siku nne kabla ya kura ingesikika vipande vipande tu kwenye habari za usiku. Pennsylvania alishindwa kwa pointi 9 hivi, lakini mpinzani wake, Hillary Clinton, alikuwa mbele huko hata kabla ya video, kwa hiyo si haki kuiandikia kashfa hasara yote hiyo.

Udhaifu wa njia hii ulijitokeza tarehe 28 Aprili. Wright alikwenda National Press Club mjini Washington na kurudia mambo yake kwa nguvu zaidi, mbele ya kamera zote. Obama alikuwa amekataa kumtupa mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kumdhibiti. Kesho yake, Winston-Salem, alikata uhusiano waziwazi. Tarehe 6 Mei alishinda North Carolina kwa 56 dhidi ya 42 na kushindwa Indiana kwa pointi moja hivi, matokeo yaliyotosha kuufunga mchujo kihesabu. Tarehe 31 Mei alitangaza kujitoa kanisani.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua hotuba, jibu maswali mawili. Je, kuna wiki tatu au zaidi kabla ya kura? Je, mtu unayemwelezea atanyamaza? Ukipata "hapana" kwa lolote kati ya hayo, usitegemee hotuba peke yake. Na mgombea awe anaweza kuandika mwenyewe. Hotuba ya namna hii ikisikika imetungwa na kamati, bora isitolewe.

Kushikilia msimamo: njia moja, sababu mbili tofauti

Watu humtaja Trump na Biden kama mfano mmoja wa "usiombe radhi". Ni kosa kubwa la uchambuzi, kwa sababu walinusurika kwa sababu zisizofanana kabisa.

Donald Trump alitangaza kugombea tarehe 16 Juni 2015 kwa maneno ya kuwatuhumu wahamiaji wa Mexico. NBC, Univision na maduka ya Macy's yalikata biashara naye. Hakurudi nyuma, na mwezi Julai alikuwa anaongoza tafiti za Republican. Tarehe 28 Februari 2016, kwenye mahojiano na CNN, alikwepa kumkataa David Duke, kiongozi wa zamani wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, kisha akalaumu kifaa cha masikioni. Siku mbili baadaye, Jumanne ile kubwa ya tarehe 1 Machi ambapo majimbo mengi hupiga kura pamoja, alishinda majimbo saba. Walioumizwa na maneno yake walikuwa wachache sana ndani ya sanduku lile, na uwanja ulikuwa na wagombea wengi wanaogawana kura zilizobaki. Hata Juni, Spika Paul Ryan wa chama chake mwenyewe alipoyaita maneno yake kuhusu jaji mwenye asili ya Mexico kuwa ya kibaguzi kwa kila kipimo, tiketi ilikuwa mkononi. Tunaeleza jinsi njia hii ilivyofanya kazi; hatumshauri mtu aifuate. Mgombea anayepanda juu ya mgongo wa watu wasio na kura kwenye chumba hicho anajenga madaraka yake juu ya woga wa watu wengine, na hilo halibadiliki kwa kuwa hesabu imekubali.

Joe Biden ni habari nyingine. Tarehe 18 Juni 2019, kwenye hafla ya kuchangisha fedha New York, alisifu enzi alizoweza kufanya kazi kwa ustaarabu na maseneta James Eastland wa Mississippi na Herman Talmadge wa Georgia, wote wawili watetezi wa utengano wa rangi. Seneta Cory Booker alimtaka aombe radhi. Biden akauliza aombe radhi kwa lipi. Tarehe 27 Juni Kamala Harris alimbana kwenye mdahalo wa Miami. Tarehe 6 Julai, Sumter, South Carolina, hatimaye alisema anajutia kauli ile.

Akafika South Carolina akiwa ameshindwa Iowa, New Hampshire na Nevada. Tarehe 26 Februari 2020 Mbunge James Clyburn, Mweusi mwenye ushawishi mkubwa katika jimbo hilo, alitangaza kumuunga mkono. Tarehe 29 Biden akapata karibu asilimia 49, na takriban Weusi sita kati ya kumi walimchagua. Wapiga kura hao, hasa wazee, hawakuwa wamesahau kauli yake. Waliipima pamoja na miaka minane aliyokuwa makamu wa Obama na miongo aliyokuwa akifika kwenye misiba na makanisa ya jimbo lile, pamoja na swali la nani angeweza kumshinda Trump. Kushikilia msimamo hakukumwokoa. Uhusiano ndio uliomwokoa, na hata hivyo alilazimika kurudi nyuma kabla ya kura.

Kukana

Hapa hatukai sana, maana njia ya mwongo ni fupi. Jesse Jackson, kwenye mazungumzo ya faragha mapema 1984, alitumia jina la dharau kwa Wayahudi na kwa jiji la New York. Washington Post ililiandika tarehe 13 Februari. Alikana kwanza, kisha tarehe 26 akakiri na kuomba radhi ndani ya sinagogi mjini Manchester, New Hampshire, siku mbili kabla ya kura. Alipata asilimia 5 hivi. Wiki mbili za kukana ziligeuza neno moja la aibu kuwa suala la uaminifu, na doa lilimfuata hadi mchujo wa New York wa Aprili 1988, ambako Meya Ed Koch aliwaonya Wayahudi wasimpigie.

John McCain alikana imani yake mwenyewe. Januari 2000 aliiita bendera ya waasi wa Kusini, iliyopepea juu ya bunge la South Carolina, alama ya ubaguzi na utumwa. Kisha akaanza kusoma kutoka kwenye karatasi kwamba anaielewa kama alama ya urithi. Wenye kuipenda bendera hawakumwamini, wenye kuichukia wakamwona mwoga. Tarehe 19 Februari George W. Bush alimshinda kwa 53 dhidi ya 42. Si bendera peke yake iliyomwangusha. Kulikuwa na uvumi mchafu uliosambazwa kwamba ana mtoto Mweusi wa nje ya ndoa, ilhali mtoto waliyemwona ni binti aliyemlea kutoka Bangladesh. Aprili alirudi Columbia na kukiri kwamba hakusema ukweli.

Pale habari ni ya uongo au imepindishwa, kukana ni halali, lakini kwa picha kamili. Tarehe 25 Februari 2008, siku nane kabla ya kura za Ohio na Texas, tovuti ya Drudge Report ilitoa picha ya Obama amevaa kilemba na shuka nyeupe. Ilipigwa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 2006, alipovishwa na wazee wa Kisomali kama mgeni yeyote wa heshima anavyovishwa. Msomaji wa Kenya anaiona kama picha ya ugeni tu. Mpiga kura wa Ohio asiyejua Wajir iko wapi alipewa picha bila maelezo ili akili yake ijaze pengo. Mambo kama hayo hujibiwa kwa mahali, tarehe na aliyekuwepo, siku hiyohiyo.

Kumgeuzia kibao mpinzani

Harris aliufanya mdahalo wa Miami kuwa wake kwa kueleza jinsi alivyokuwa mtoto aliyepelekwa shule kwa basi ili watoto wa rangi zote wasome pamoja, huku Biden akiwa seneta aliyepinga serikali kuu kulazimisha mpango huo. Utafiti wa Quinnipiac siku chache baadaye ulimpa asilimia 20, Biden 22. Fulana zenye picha yake ya utotoni zilianza kuuzwa usiku uleule, na hapo palianza kuonekana tatizo: shambulio la ghafla halina fulana zilizokwisha kutayarishwa. Waandishi walipomuuliza kama leo angelazimisha mabasi hayo, jibu lake lilikaribia la Biden. Alijitoa tarehe 3 Desemba 2019, kabla ya kura ya kwanza, kwa sababu kadhaa zikiwemo fedha. Ila umaarufu wa Miami haukuwa na sera ya kuushika.

Hatari nyingine ni midomo ya wasaidizi. Tarehe 26 Januari 2008, Obama akishinda South Carolina kwa 55 dhidi ya 27, Bill Clinton, mume wa Hillary, aliwakumbusha waandishi kwamba Jesse Jackson naye alishinda huko 1984 na 1988. Wengi walisikia: huyu ni mgombea wa Weusi tu. Machi, Geraldine Ferraro alisema Obama asingefika alipofika kama angekuwa Mzungu. Alikaa kwenye kamati ya fedha ya Hillary Clinton hadi tarehe 12, siku moja baada ya Mississippi kumpa Obama asilimia 61. Msaidizi wa namna hiyo aondoke siku anayosema. Kila siku ya ziada watu huihesabu kama kauli ya mgombea.

Tatizo likiwa ni kazi, si kauli

Pete Buttigieg, aliyewania tiketi ya Democratic ya 2020, alikuwa meya wa South Bend polisi Mzungu alipompiga risasi na kumuua mkazi Mweusi Juni 2019, kamera ya mwilini ikiwa haikuwashwa. Alisimamisha safari zake, akarudi nyumbani, akasimama mbele ya ukumbi wenye hasira. Kwenye mdahalo aliulizwa kwa nini polisi Weusi ni asilimia 6 katika mji wenye Weusi asilimia 26. Akajibu kwamba alishindwa kulifanikisha. Jibu la kweli na la heshima, lakini halikuleta kura: South Carolina alipata asilimia 8.

Kilichomwongezea mzigo ni uzembe wa timu. Mpango wake kwa ajili ya Wamarekani Weusi ulitangazwa kwa orodha ya majina ya South Carolina ambayo baadhi ya wenyewe walisema hawakukusudia kumuunga mkono, na ukurasa wake wa mtandaoni ukapambwa kwa picha ya kununua iliyopigwa Kenya. Unaahidi haki kwa Weusi wa Marekani ukionyesha sura ya mwanamke wa Kenya asiyehusika. Kagua kila picha imepigwa wapi, na kila jina lipate idhini ya maandishi yenye sentensi ileile itakayochapishwa.

Seneta Amy Klobuchar, mgombea mwingine wa mchujo huo, alifikiwa na jambo la aina hiyo usiku wa tarehe 1 Machi 2020, waandamanaji walipolikalia jukwaa lake St. Louis Park, Minnesota, kwa sababu ya kesi ya kijana Mweusi iliyoendeshwa na ofisi yake ya mashtaka. Mkutano ulifutwa, kesho yake akajitoa. Kwa aina hii ya tatizo radhi si jibu kamili. Wanaouliza wanataka kesi ifunguliwe upya, faili litolewe, mtu awajibishwe. Fanya hilo kabla ya kugombea.

Saa 48 za kwanza, na kubadili njia

Pata video au sauti nzima kabla ya kusema lolote. Kipande cha sekunde 20 huficha yaliyo mabaya zaidi au yanayokuokoa. Andika majimbo ya wiki mbili zijazo na sehemu ya Weusi, Walatino au Wayahudi katika kila moja. Piga simu kwa watu watano wa jamii iliyoumizwa waliokujua kabla ya kampeni, mgombea mwenyewe apige, na asikilize kabla ya kuomba chochote. Wasipofika watano, umeshajua kwamba radhi yako itasimama peke yake, na uipange hivyo: fupi, bila sharti, pamoja na jambo moja utakalolifanya. Wasemaji wote wapewe maandishi mamoja. Asiyeyaweza asitumwe kwenye televisheni wiki hiyo.

Kubadili njia katikati kunakubalika mara moja, na mwelekeo ndio wenye maana. Obama alitoka kwenye kueleza akaenda kukata uhusiano. Biden alitoka kwenye kugoma akaenda kujuta. Wote walisogea kuelekea walioumizwa, na wapiga kura waliwaruhusu. McCain alisogea kinyume, kutoka ukweli kwenda kwenye karatasi.

Na anayejifunza huonekana kwa kasi yake. Tarehe 22 Mei 2020 Biden alimwambia mtangazaji Mweusi wa redio kwamba anayesitasita kati yake na Trump si Mweusi. Mwaka uliotangulia ilimchukua zaidi ya wiki mbili kujutia kauli kuhusu maseneta. Safari hii aliomba radhi kabla ya jioni, kwenye simu na viongozi wa vyama vya wafanyabiashara Weusi, akisema hakupaswa kuzungumza kwa wepesi namna ile.